Mzaha wa Saa Nne

6 Februari

Kwako Cherehani, mjukuu wangu na mchumba wangu wa akiba,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo yako imo njiani na mimi sina subira. Sisi hapa wazima. Shangazi yako anagomba tangu alfajiri, dalili kwamba afya yake ni nzuri. Mguu wangu wa kushoto umeamua kustaafu kabla ya mwenzake. Sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linasikia linachotaka: nikiitwa kula linasikia, nikiitwa kuoga halisikii. Ndiyo maana nakuandikia. Uliponipigia juzi kwenye simu ya shangazi yako nilisikia kama mtu anakaanga kitu ndani ya debe. Nikaitikia "ndiyo, ndiyo" tu, na baadaye nikaambiwa nimekubali kuja kukaa kwenu mwezi mzima. Sikukubali. Nilikuwa naiitikia kelele.

Haya, tuje kwenye lenyewe. Shangazi yako anasema umeitwa usaili pale chuoni mlimani, kazi ya mapokezi ya maktaba, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Chuo kilekile! Nilipoambiwa nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa tena.

Mimi nilikuwa tarishi pale miaka ishirini na sita. Nilisoma mpaka darasa la tano, pale penseli ilipoisha, lakini usaili wa chuo kile hakuna profesa anayeujua kama mimi. Nilikaa nje ya mlango ule nikiita majina na kupeleka chai. Nimewaona watu wanaingia wamenyooka kama misumari na kutoka wamepinda. Kwa hiyo tega sikio, wewe ambaye bado unayo mawili.

Fika siku moja kabla. Ule mji ni mmoja kwenye ramani lakini ni miwili kwenye kura. Mlimani, wanakokaa walimu na wanafunzi, wote ni wapinzani mpaka paka. Bondeni wanakaa wapishi, walinzi, wafagiaji na madereva wa chuo, na hao ni wa chama tawala, kwa sababu chama ndicho kilichowaletea maji, na pia kwa sababu wamechoka kufokewa na wapinzani kwamba vikombe havikuoshwa vizuri. Usipeleke mlimani ulichosikia bondeni, wala usishushe bondeni ulichosikia mlimani. Ukitaka kujua upepo unavumaje, ingia saluni, uoshwe nywele, ufumbe macho. Saluni ndiyo bunge.

Nguo: usivae rangi ya chama chochote. Vaa kijivu. Kijivu hakijawahi kumgombanisha mtu na mtu.

Wakikuuliza kwa nini unaitaka kazi, usiseme una shida. Shida wanazo wao. Sema unapenda vitabu. Wote husema hivyo, ila wewe ni kweli, na mtu anayesema kweli huwa anasahau kuangalia dari.

La mwisho, na hili ndilo kubwa. Ukiwa kwenye benchi la kusubiri, funga mdomo. Usiongee na jirani yako, usiongee na mleta chai, usicheke. Siasa ndiyo kabisa, na mzaha ndio zaidi. Najua naomba kitu kigumu. Nilikuita Cherehani kwa sababu ulianza kusema ukiwa na miezi tisa, na hujaishiwa uzi mpaka leo. Lakini siku ile moja, mama, toa uzi kwenye sindano.

Msalimie baba yako. Mwambie... msalimie tu.

Babu yako mwenye sikio moja.


19 Februari

Shikamoo Babu,

Barua yako imefika leo, imetembea polepole kuliko wewe na huo mguu wako. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema kama ulisema "ndiyo" basi ni ndiyo, chumba kimeshafagiliwa. Baba yuko kwenye zahanati mpya, anaweka vigae chumba cha chanjo. Magoti yake yamevimba, ila ukimwambia apumzike anasema magoti ndiyo miguu yake ya kazini.

Nilimsomea barua yako jioni, nikamsomea yote. Kwenye paka alitabasamu. Nilipofika kwenye benchi alisimama, akatoka nje kuosha ndoo zake za saruji. Zilikuwa safi. Aliporudi akasema, "Nenda ukipenda. Sisi si watu wa usaili."

Babu, neno hilo nimelisikia tangu sijaota meno. Nilipotaka kugombea ukiranja, sisi si watu wa kugombea. Kaka alipotaka kwenda jeshini, sisi si watu wa kupimwa. Na kila mara hadithi ni ileile: Baba alipoenda mlimani kuomba kazi ya usaidizi wa maabara, wakamuuliza chombo cha kutoa maji tone kwa tone kwa kipimo, jibu lilikuwa bureti, yeye akasema pipeti. Akatoka, akakaa nje na wenzake kusubiri majibu, na baada ya muda akasikia chumba kizima kinapasuka kwa kicheko. Wanamcheka yeye na pipeti yake. Anasema hata leo akiwa peke yake kwenye chumba kitupu, amepiga magoti, kicheko kile hukisikia.

Ni miaka ishirini na minane sasa. Mtu mzima, fundi ambaye wahandisi humwita "mzee", anaona haya kwa sababu ya pipeti.

Wewe ulikuwepo siku ile? Baba anasema ulikuwepo, ila hamjawahi kulizungumza.

Nitavaa kijivu. Kunyamaza nitajaribu, usiniwekee dhamana.

Mjukuu wako, Cherehani.


2 Machi

Cherehani wangu,

Marahaba, mara mbili, moja ya akiba. Shangazi yako amenunua kuku watatu, na wote wanataga kitandani kwangu. Nimewaambia mimi si wa umri huo. Wananitazama tu, kama walimu wa mlimani.

Umeniuliza kama nilikuwepo. Tarishi siku zote yupo. Ni kama mlango, hakuna anayeuliza mlango ulikuwa wapi.

Mwambie baba yako aachane na hiyo bureti. Hata Miwani, ndivyo tulivyomwita mwenyekiti wa jopo siku zile, alisema hilo ni la kujifunza wiki moja tu. Watu wamepata kazi pale bila kujua tofauti ya kalamu na uma.

Sasa wewe. Usinywe maji mengi asubuhi. Ukiingia, salimia wote, usichague mwenye suti, maana mwenye kukata maneno mara nyingi ndiye mwenye sweta lililotoboka. Ukiulizwa usichokijua sema hujui, halafu nyamaza, usikimbilie kujaza kimya chao. Na nakurudia tena, nakushika sikio: benchi! Usiseme hata neno. Mtu akikuchokoza tikisa kichwa. Hata akiwa mzuri wa sura. Hasa akiwa mzuri wa sura.

Naituma hii leo, shangazi yako ameapa itakuwahi.

Babu.


16 Machi

Shikamoo Babu,

Iliniwahi. Afadhali isingeniwahi.

Nilifika siku moja kabla kama ulivyosema. Mlimani ni vilevile, ila kuta zimejaa zaidi. Kwenye duka la fotokopi wamebandika mgombea wao mpaka kwenye mashine, ukitoa nakala unamfunika uso. Bondeni bendera ni za upande wa pili, moja imefungwa kwenye bomba la maji. Kwenye saluni ya katikati, msusi aliniuliza, "Wewe ni wa juu au wa chini?" Nikasema mimi ni wa mbali. Akacheka, akasema hao ndio hupotea kwanza.

Asubuhi nilikaa kwenye chumba cha kusubiri. Benchi lako halipo, sasa ni viti vya plastiki na meza ya dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni. Tulikuwa sita. Kijana mmoja aligeuka akaniambia, "Dada, hapa mlimani tumeshashinda, au unasemaje?" Nikatikisa kichwa. Akaniuliza natoka wapi, nikatikisa kichwa. Msichana mmoja alichanika mkono wa blauzi, akawa karibu kulia. Nilikuwa na pini. Nikampa bila neno, kama ninamlipa faini. Yule dada wa mezani alileta maji, akauliza safari ilikuwaje. Nikatabasamu. Saa mbili nzima, Babu. Mimi! Taya ziliniuma.

Ndani kulikwenda vizuri. Vitabu nilivijibu, kompyuta nikaijibu, hata swali la mwanafunzi akija maktaba amelewa nililijibu wakacheka kidogo. Halafu mwenyekiti, mama mmoja mwenye sweta lililotoboka, ulisema kweli, akaweka kalamu chini. Akasema, "Kazi hii ni ya kusema na watu kutwa nzima. Tumeambiwa umekaa hapo nje saa mbili hujamjibu mtu hata salamu. Una tatizo na watu?"

Ningesema nini, kwamba babu yangu amenikataza?

Njia nzima nimerudi nikijiuliza mambo mawili. La kwanza: kwa hiyo wanawauliza walio nje. Wewe ulilijua hilo. La pili: Miwani alisema bureti ni ya kujifunza wiki moja. Alimwambia nani? Baba alikuwa ameshatoka chumbani. Aliyekuwa ndani ni nani?

Jibu hilo, Babu. Kuku usiniambie.

Mimi.


29 Machi

Mjukuu,

Mvua ni kubwa huku, paa linavuja juu ya kiti changu tu, viti vingine vyote vikavu. Shangazi yako anasema ni mahesabu ya Mungu. Pole kwa taya. Pole sana, kwa kweli.

Watakuita tu. Yule mama mwenye sweta amekupima, ndiyo kazi yake. Wazee tunaongea sana, hata Miwani alikuwa na maneno mengi, nani atakumbuka alimwambia nani.

Babu.


17 Aprili

Babu,

Shikamoo. Majibu yametoka. Nimekuwa wa pili. Wameandika kwa adabu kwamba nafasi ni moja, na aliyepata "ameonyesha wepesi wa kuchangamana". Nadhani ni yule wa pini, na kama ni yeye, anastahili. Siku ile aliushukuru mpaka mlango.

Baba alisoma ile barua akaikunja vizuri, akanirudishia. Alipiga tu kofi dogo begani mwangu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye chama. Hilo ndilo lililoniliza, si kazi. Ananiona nimeingia kwenye ukoo sasa. Sisi si watu wa usaili.

Nilikuuliza swali, ukanijibu paa.

Cherehani.


6 Mei

Cherehani, mwanangu,

Nimechana karatasi nne. Shangazi yako anadhani namwandikia mwanamke. Ingekuwa hivyo ningekuwa nimeshamaliza.

Pale mlimani kulikuwa na desturi. Kanuni za chuo zilikataza kumuuliza mtu ni wa chama gani. Kwa hiyo hawakuuliza. Walikuwa na mimi. Wakimaliza kuwahoji wote, saa nne kamili Miwani alibonyeza kengele, naingia na sinia la chai, na yeye bila kuinua macho anasema, "Benchi linasemaje leo?" Mwanzoni nilijibu, "Benchi kimya, mzee." Halafu siku moja nikawaletea kichekesho cha mwombaji mmoja, wakacheka. Hujui kicheko cha watu wenye digrii kina utamu gani kwa mtu wa darasa la tano. Watu ambao asubuhi walinipita kama ukuta, saa nne wananiita "mzee wa vichekesho, tuambie". Nikanogewa. Wengine walipata kazi kwa midomo yangu, wengine waliikosa. Sikuhesabu. Nilijiambia mimi ni redio tu, redio haina kosa.

Baba yako alipokuja tulikubaliana tusijuane. Ndugu walikuwa hawaruhusiwi, na yeye shuleni aliandikishwa kwa jina la mjomba wake aliyemlea, basi hakuna aliyejua. Shati lake la bluu nililipiga pasi mwenyewe, asubuhi, nikalipiga mara mbili. Kwenye benchi nikamwita jina kama ninavyomwita mtu yeyote, naye akainuka bila kunitazama. Roho ilinidunda kwa fahari.

Akahojiwa, akatoka, akakaa kusubiri na wenzake. Huyo baba yako wa sasa, anayesema maneno kumi kwa siku, hukumjua alivyokuwa. Alikuwa anawasha benchi zima. Dirishani wakaonekana walimu wanatoka kwenye mkutano wao wa kuilaani serikali, mabango mkononi, wanakimbilia ukumbi wa chai. Baba yako akasema, taratibu tu, "Hapa mlimani wanaipindua serikali kila siku mpaka saa nne. Saa nne chai ya serikali ikija, wanaipa muda mpaka kesho." Benchi likaanguka kwa kicheko. Mimi nikageukia ukutani ili wasinione.

Na papo hapo kengele ikalia. Saa nne. Nikaingia na sinia.

Ndani walikuwa wameshaamua. Nilisikia kwa masikio haya, siku hizo yote mawili yalikuwa hai. Mmoja alitaja pipeti, Miwani akasema, "Hilo atajifunza wiki moja. Yule kijana ana kichwa. Tumwandike." Kalamu ilikuwa tayari kwenye karatasi. Ningeweka vikombe, nikatoka, na leo baba yako angekuwa anakaribia kustaafu na koti jeupe.

Siku ile hakuna aliyeniuliza benchi linasemaje. Elewa hapo, maana ndipo ninapokosa usingizi. Hakuna aliyeuliza. Lakini nilikuwa na sinia mkononi, saa nne kamili, na mzaha mzuri kuliko yote niliyowahi kuusikia, kuhusu chai hiyohiyo, kwa watu haohao. Ningewezaje kuumeza? Nikausema. Nikausema vizuri, kwa kituo, nikimimina.

Wakacheka. Baba yako kicheko alichokisikia ni hicho. Hakuna aliyemcheka na pipeti yake.

Halafu Miwani akafuta miwani yake, akauliza, "Nani huyo?" Na mimi, bado nimelewa sifa, nikasema, "Yule wa shati la bluu."

Tabasamu zikafa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema, "Kumbe ni mtu wa chama tawala." Hakuwa wa chama chochote, chama chake kilikuwa kucheka. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema ni mwanangu. Nilisema, "Sukari hii hapa, mzee." Miwani akapiga mstari.

Jioni baba yako alinisimulia habari za pipeti. Nikamwambia, "Pole, mwanangu, ndiyo dunia." Nikamwacha nayo. Miaka yote nimemwacha nayo, kwa sababu ilikuwa inanifaa mimi.

Na wewe nikakufunga mdomo kwa hofu yangu, ukakosa. Wawili sasa.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe una maneno. Siku baba yako akiwa na moyo mweupe, mwambie kwa niaba yangu, polepole, upande upande.

Babu.


2 Juni

Shikamoo Babu,

Nimekaa na barua yako wiki mbili ndani ya mfuko wa koti. Nilikuwa naishika kila nikimwona Baba anapiga magoti.

Sitamwambia. Si kwa kukukomoa. Ulipeleka maneno yake kwa watu bila ruhusa yake, sasa unataka mimi nipeleke yako. Mimi si sinia, Babu.

Barua yako naituma ndani ya bahasha hii, irudi kwako. Mwandikie yeye. Jina lake unalijua, anwani ni hiihii. Kazi yangu mimi usiihesabu; mdomo ulikuwa wangu na nilikubali kuufunga. Lakini ya kwake huwezi kuigawa.

Hasira ninayo, sitakuficha. Nikikukumbuka unavyotuchekesha sote pale uani najikuta nauliza mzaha ule ulikuwa wa nani. Hata hivyo kula vizuri, na usikae chini ya paa linalovuja.

Mjukuu wako.


11 Julai

Shikamoo Babu,

Barua yako kwa Baba ilifika juzi. Sikujua umeandika nini, mpaka aliponifanya niisome. Miwani yake ya kusomea aliikalia mwezi uliopita. Akanipigia simu nimfuate kazini.

Zahanati imebaki ukumbi mmoja. Nimemkuta nusu ya sakafu ni vigae, nusu ni saruji, naye yuko mpakani, amepiga magoti. Akasema, "Soma hapohapo mlangoni, usikanyage." Nikasoma. Ni kurasa mbili tu, Babu, na hukuweka utani hata mmoja. Sikujua kama unaweza.

Nilipokuwa nasoma aliendelea kugonga. Unajua wanavyogonga kigae kwa mpini wa nyundo kusikia kama chini kuna uwazi. Aligonga kigae kimoja tu, kilekile, mpaka nikamaliza.

Akasema, "Kwa hiyo hawakunicheka mimi."

Nikasema, "Hawakukucheka, Baba. Waliucheka mzaha wako."

"Wote?"

"Kaandika wote wanne."

Halafu akausema ule mzaha, pale sakafuni, kwa sauti ya chini, kama anaujaribu kama bado unasimama. Alipofika kwenye "wanaipa muda mpaka kesho" akatoa sauti fulani ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sikujua nimkimbilie au nicheke naye. Akasema, "Ulikuwa mzuri, eh?" Nikasema ulikuwa mzuri sana. Akasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili." Halafu akainama, akafuta saruji kwenye kiungo ambacho hakikuwa na saruji.

Nilipoanza kuondoka akaniita.

"Muulize babu yako swali moja. Walipocheka, na yeye alicheka?"

Nikamwambia, "Baba, hilo lina maana gani sasa?"

Akasema, "Muulize. Mama yako amefagia chumba tangu Februari. Akijibu ndipo nitajua kama aje au asije."

Ndiyo hilo, Babu. Mimi naandika tu, sishauri. Wiki ijayo nina usaili mwingine, chuo kingine, mji ambao mpaka wahadhiri wake ni wa chama tawala. Nitawasalimia wote nje, hata kama wataniuliza ni wa juu au wa chini.

Cherehani.


20 Julai

Cherehani,

Shangazi yako mzima. Kuku wamehama wenyewe. Ushauri wa usaili nimefunga duka, nenda na mdomo wako.

Umpe baba yako karatasi hii aishike mwenyewe, hata kama wewe ndiye utakayeisoma.

Mwanangu,

Nimeandika "hapana" mara mbili. Iliandikika vizuri, mwandiko umenyooka kuliko wa siku zote. Hakuna mtu hai wa kunipinga, Miwani alishazikwa na wale wengine sijui waliko. Na najua ukilipata hilo jibu nitaitwa, nitakaribishwa, nitawekewa kiti, na wajukuu watanizunguka niwachekeshe. Nimezichana zote mbili.

Nilicheka. Wao walicheka mara moja wakaanza kunywa. Mimi niliweka sinia chini chai isimwagike, nikashika ukingo wa meza, machozi yakanitoka. Niliona fahari, mwanangu, kwamba mtoto wangu ndiye aliyewaangusha watu wazima namna ile, na nilikuwa bado nacheka, nimeinama hivyohivyo, nilipoinua kidole kuelekea mlangoni kuwaonyesha kwamba ni wewe.

Baba yako.